Sura za mbwa zilivyobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Lubumbashi

Maswali haya yanatoka kwa watu wa hapa mjini: wenye mbwa lupangoni, wanaotaka kununua, na wale ambao watoto wao wameona mbwa kwenye simu na sasa hawalali. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanaisha kwa mistari miwili.

Mbwa wote wametoka kwa mbwa mwitu kweli? Hata yule mdogo wa kubebwa kwenye mkoba?

Wote. Babu yao ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, si yule mwenye mabaka wa mbuga za Afrika. Urafiki wake na binadamu ni wa zamani sana: huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mbwa alizikwa kaburi moja na watu miaka kama 14,000 iliyopita. Lakini usichanganye mambo mawili. Mbwa ni mzee. Aina za mbwa, hizi zenye majina na vyeti, nyingi hazijafikisha hata miaka 200.

Basi nani alizitengeneza aina hizi?

Kwa sehemu kubwa, Waingereza wa karne ya 19, kisha Wajerumani, Wafaransa na Wabelgiji wakafuata. Kabla ya hapo mbwa alijulikana kwa kazi yake. Kulikuwa na mbwa wa kuchunga, wa kuwinda, wa kukamata panya, wa kulinda geti. Aliyefanya kazi vizuri alizalishwa, na kama sikio moja lilisimama na jingine likalala, hakuna aliyejali.

Mwaka 1859 mjini Newcastle yalifanyika maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi, na walioshindanishwa walikuwa mbwa wa kuwindia ndege tu. Mwaka 1873 ikaanzishwa Kennel Club ya London, chama cha wafugaji wa mbwa wa nasaba. Kila aina ikaandikiwa maelezo ya sura yake: kichwa kiweje, mkia ukaeje, rangi zipi zinakubalika. Kisha kitabu cha nasaba kikafungwa. Maana yake ni kwamba mtoto hakubaliwi kama baba na mama hawamo kitabuni. Mwaka 1911 nchi tano za Ulaya zikaunda FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambalo leo makao yake yako Thuin, Ubelgiji, na linatambua aina zaidi ya 350.

Kuanzia hapo kazi ya mbwa wengi ikawa kuonekana. Jaji akimpa kikombe mwenye pua fupi, mwaka unaofuata wafugaji wanatafuta dume mwenye pua fupi zaidi. Dume mmoja bingwa anaweza kuzaa watoto mamia, na watoto hao wanaozana wao kwa wao kwa sababu kitabu kimefungwa. Jike anabeba mimba miezi miwili tu. Katika maisha ya mfugaji mmoja vizazi kumi na zaidi vinapita mbele ya macho yake, na hiyo inatosha kabisa kubadili fuvu la kichwa.

Kwa nini Bulldog ana uso uliobonyea vile? Si ndivyo alivyoumbwa?

Hapana, na huyu ndiye mfano ambao ningependa kila mnunuzi aujue.

Bulldog wa zamani alikuwa na kazi ya kikatili. Fahali alifungwa kwenye nguzo, mbwa akaachiliwa amng'ate pua, watu wakitazama na kuwekeana dau. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Mbwa akabaki bila kazi. Waliompenda wakamgeuza kuwa wa nyumbani na wa maonyesho, na hapo umbo lake likaanza kukimbia. Tazama michoro ya mwanzo wa karne ya 19: utaona mbwa mwenye miguu mirefu, kiuno chembamba na pua iliyotokeza vizuri. Ukimweka leo mtaani Katuba, watu watasema ni mchanganyiko.

Kuna hadithi maarufu kwamba pua ilifupishwa ili mbwa aweze kupumua huku amemng'ang'ania fahali. Ni hadithi tamu, lakini michoro inaikanusha. Waliopambana na fahali walikuwa na pua. Waliokosa pua ni wajukuu wao, ambao hawajawahi kumwona fahali.

Shida ni kwamba mifupa ya uso ilifupishwa, nyama ya ndani haikupungua. Kaakaa laini ni lile lile, limesongamana kooni. Matundu ya pua yamekuwa nyufa. Na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Ukimnyima njia ya hewa, umemnyima njia ya kupoza mwili.

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, kabla mvua hazijashika, mwangalie Bulldog saa nane mchana chini ya mwembe. Ulimi umetoka wote na umepanuka kwenye ncha. Pembeni mwa mdomo kuna ute mweupe mzito. Mbavu zinakwenda mbio, shingo imenyooshwa mbele, na kila pumzi inatoka na mkwaruzo. Wenyewe hucheka, "anakoroma macho wazi!" Hakoromi, anatafuta hewa. Ulimi ukianza kugeuka zambarau, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na mwite daktari wa mifugo wakati huo huo. Usingoje jioni.

Na uzazi je? Kichwa cha mtoto ni kikubwa, nyonga za mama ni nyembamba. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa Bulldog ulikuwa wa kupasuliwa. Kabla hujanunua jike "ili azae tuuze", uliza ni daktari gani atakayekuja kumpasua saa tisa usiku, na kwa bei gani.

Na Pug, yule ambaye kwa Kifaransa ni carlin?

Njia ile ile. Mchoraji Mwingereza William Hogarth alijichora mwaka 1745 akiwa na Pug wake aliyeitwa Trump. Mbwa yule ana pua inayoonekana na miguu ya kukimbilia. Pug wa leo, ukimtazama kwa upande, paji la uso na pua viko karibu kwenye mstari mmoja. Macho nayo yametokeza nje, kwa hiyo yanaumia kwa vumbi, na vumbi letu la kiangazi unalijua.

Berger Allemand (mbwa mchungaji wa Kijerumani, German Shepherd) wa jirani anatembea kama amechuchumaa nyuma. Ni mgonjwa?

Huenda ni mgonjwa, huenda ndivyo alivyozalishwa. Aina hii ilianzishwa na ofisa wa jeshi la farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz. Mwaka 1899 alinunua mbwa mchungaji aliyempa jina Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza kitabuni. Picha zake zipo: mgongo ulionyooka, kifua cha kawaida, miguu ya nyuma imesimama. Mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima, basi.

Baadaye wafugaji wa maonyesho walipenda mwendo wa kuelea, hatua ndefu inayoonekana kama mbwa hagusi chini. Ili kuupata wakachagua mbwa wenye miguu ya nyuma iliyokunjika zaidi na mgongo unaoteremka kuelekea mkiani. Ukoo mwingine, wa polisi na wa majaribio ya kazi, ulibaki umenyooka zaidi. Kwa hiyo leo kuna Berger Allemand wa namna mbili wenye cheti kimoja.

Neno la haki kwa wafugaji: kwenye picha za mashindano mbwa husimamishwa mguu mmoja ukiwa umevutwa nyuma, na mteremko unaonekana mkali kuliko ulivyo. Pia ugonjwa wa nyonga kulegea unawapata mbwa wengi wakubwa, hata wenye mgongo ulionyooka. Usihukumu kwa picha. Mtazame mbwa akitembea kawaida, bila kamba kuvutwa. Vifundo vya nyuma vikigongana au kuyumba, au akinyanyuka kwa kujikokota, apigwe picha ya mifupa.

Malinois naye amebadilika?

Kidogo sana. Mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul wa chuo cha mifugo cha Cureghem, Brussels, aliwakusanya mbwa wachungaji wa Kibelgiji ili wachunguzwe. Akaona kwamba miili inafanana, kinachotofautiana ni manyoya. Ndiyo maana Malinois, Tervueren, Groenendael na Laekenois ni ndugu wa tumbo moja wenye makoti tofauti. Malinois aliangukia mikononi mwa watu wa kazi, polisi na wanajeshi, na hao wanauliza kwanza kama mbwa anaruka ukuta. Sura ikakaa pale pale. Ila kwa familia ya kawaida yenye lupango dogo, mbwa huyu ni balaa. Asipopewa kazi atajitafutia mwenyewe, na kazi hiyo hutaipenda.

Nimesikia kuna mbwa aliyekufa halafu akabadilishwa sura. Ni utani?

Ni kweli kabisa. Barry alikuwa mbwa wa watawa wa mlima Saint Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, anayekumbukwa kwa kuokoa wasafiri kwenye theluji. Alikufa mwaka 1814, na mwili wake uliokaushwa uko kwenye jumba la makumbusho la Bern. Alikuwa mbwa wa kadiri, kilo 40 hadi 45 hivi, wakati Saint Bernard wa leo anapita kilo 65 bila shida. Mwaka 1923 mwili ulipokarabatiwa, kichwa chake kilitengenezwa upya ili kifanane na Saint Bernard wa wakati ule. Badala ya kukiri kwamba wajukuu wamebadilika, wakambadilisha babu!

Sisi Wakongo hatuna aina yetu?

Tunayo, na inajulikana dunia nzima kuliko inavyojulikana Lubumbashi: Basenji, mbwa wa misitu ya bonde la Kongo. Ni mdogo, kilo 10 au 11 hivi, masikio yamesimama, paji la uso lina mikunjo, mkia umejikunja juu ya kiuno. Habweki kama wengine. Akifurahi anatoa sauti ya kuimba ya ajabu. Jike huingia joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi huingia mara mbili. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi, naye anawafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu.

Wazungu walijaribu kumpeleka Uingereza tangu mwaka 1895, lakini wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa. Waliofanikiwa kuzaliana huko walifika miaka ya 1930. Hapo ndipo pana fundisho: Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitoka kwa mbwa wachache mno, unaoweza kuwahesabu kwa vidole. Ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukasambaa katika ukoo. Wafugaji wa Marekani walifanya nini? Wakafunga safari hadi kaskazini-mashariki ya Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya. Mwaka 1990 kitabu cha nasaba cha Marekani, kilichokuwa kimefungwa, kikafunguliwa kwa ajili ya mbwa hao. Walikuja na rangi ambayo maelezo ya huko hayakuwa nayo, milia ya giza juu ya manyoya mekundu, na rangi hiyo ikakubaliwa rasmi.

Kwa hiyo mkulima wa kijijini, asiye na cheti wala kikombe, alikuwa ametunza kile ambacho vyama vya mbwa vilikipoteza. Mimi hili linanifurahisha kila nikilisimulia.

Na sura ya Basenji imebadilika? Si sana. Ila majaji wanapenda mkia uliokazwa, na nyumbani kwake mikia ni ya kila namna: mingine imejikunja kabisa, mingine nusu, mingine haijali.

Wanasema Basenji, au yule Pharaoh Hound, ndiye mbwa wa kwenye makaburi ya Misri.

Kwenye michoro ya Misri wapo mbwa wa mkia uliokunjwa na masikio yaliyosimama, hilo ni kweli. Kufanana si ukoo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba Basenji yuko karibu sana na mzizi wa mti wa mbwa, lakini Pharaoh Hound, pamoja na jina lake kubwa, ni aina iliyoundwa majuzi. Jina zuri huuza.

Mbwa wangu ni wa hapa hapa mtaani, rangi ya udongo. Ni aina gani?

Hana aina, na hilo si tusi. Mbwa wengi duniani wako hivyo. Waache mbwa wazaliane wenyewe kwa vizazi kadhaa, bila mtu kuchagua, utapata mbwa wa kadiri, manyoya mafupi, rangi ya kahawia au manjano, mdomo mrefu wa wastani. Utamkuta Kamalondo, Kasumbalesa, hata ng'ambo Zambia. Huyo ndiye anayeishi kwa mabaki ya bukari na mifupa ya samaki, anayezaa mwenyewe chini ya ngazi, anayelala juani bila kuhema kwa shida. Damu ya mbwa walioletwa na wakoloni imo ndani yake pia, ndiyo maana mara nyingine mtoto mmoja anatokea na sikio la Berger au kifua cha Boerboel, yule mbwa mkubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini.

Boerboel na Rhodesian Ridgeback, je? Wanaletwa sana kutoka kusini.

Ridgeback ni kisa cha Kiafrika. Ule mstari wa nywele zinazoota kinyume mgongoni ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, wakachanganywa na mbwa wa walowezi, na maelezo ya aina yakaandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kwa muda mrefu watoto waliozaliwa bila mstari waliuawa, ingawa walikuwa wazima. Zaidi ya hayo, jeni inayoleta mstari ndiyo inayoongeza hatari ya kasoro moja ya ngozi na uti wa mgongo. Asiye na mstari ni nadra kuwa na shida hiyo! Boerboel yeye anazidi kunenepeshwa kwa sababu wanunuzi wanapenda kilo. Mbwa mzito asiyeweza kukimbia mpaka getini atamlinda nani?

Mabadiliko haya makubwa yanawezekanaje? Jeni ngapi zinahusika?

Chache kuliko unavyodhani. Kwa udogo wa mwili, jeni iitwayo IGF1 ina nguvu kubwa. Iligunduliwa kwa mbwa mwaka 2007. Baadaye ikaonekana kwamba namna ya udogo ilikuwamo tayari ndani ya mbwa mwitu wa Siberia wa miaka 54,000 iliyopita. Binadamu hakuibuni, aliikuta na kuiokota. Miguu mifupi ya Dachshund inatokana na nakala ya ziada ya jeni moja. Na manyoya ya mbwa karibu wote, marefu, ya kujipinda au yenye ndevu, yanaelezwa na jeni tatu tu.

Ndiyo maana mfugaji mwenye haraka anafika mbali upesi. Anabofya vitufe vichache vikubwa, na kila kitufe kinagusa mambo mengine ambayo hakuyaomba.

Vipi wale mbweha wa Urusi waliogeuka kuwa kama mbwa?

Jaribio lilianza mwaka 1959 huko Novosibirsk chini ya Dmitry Belyaev. Walichagua mbweha wapole tu, na baada ya vizazi wakatokea wenye mabaka, masikio laini na mikia ya kukunjika. Ni jaribio zuri. Ila mbweha hao asili yao ilikuwa mashamba ya manyoya ya Kanada, ambako baadhi ya dalili hizo zilionekana mapema, kwa hiyo usilisimulie kana kwamba walitoka porini moja kwa moja.

Kukata masikio na mkia kunamfanya mbwa kuwa mkali?

Hapana. Kunamfanya aonekane mkali kwa watu. Dobermann huzaliwa na masikio yanayoning'inia na mkia mrefu mwembamba. Ile sura ya filamu ni kazi ya kisu. Katika nchi nyingi za Ulaya ni marufuku, na Uingereza na Wales zimezuia kukata mikia tangu 2007, isipokuwa kwa baadhi ya mbwa wa kazi. Hapa bado wapo wanaokata kwa wembe na kupaka majivu. Kidonda kinaoza, mtoto wa mbwa anajifunza kuogopa mkono wa binadamu, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto.

Inawezekana kurudisha nyuma?

Inawezekana, watu wakikubali. Dalmatian, wale mbwa weupe wa madoadoa, wote wenye nasaba walikuwa na hitilafu inayoleta mawe ya mkojo. Mwaka 1973 Mmarekani Robert Schaible alimzalisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa kuwindia ndege, mara moja tu, kisha watoto wakarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Wajukuu wana madoa yale yale na mkojo mzima. Chama cha Marekani kilikubali ukoo huo mwaka 2011. Karibu miaka 40 ya ubishi kwa ajili ya mbwa mmoja wa kigeni!

Kwingine shinikizo limetoka nje. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha mateso ya mbwa wa nasaba, na mwaka uliofuata Kennel Club ikarekebisha maelezo ya aina kadhaa, Bulldog akiwamo. Norway jambo lilifika mahakamani: mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuzalisha Cavalier King Charles, mbwa mdogo wa nyumbani, kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, lakini Bulldog akaponea.

Nataka kununua mtoto wa mbwa Lubumbashi. Niangalie nini?

Omba kumwona mama. Muuzaji akisema mama yuko Likasi, au amesafiri, ondoka. Mama akiwapo, sikiliza pumzi yake akiwa amelala. Weka vidole viwili kati ya ncha ya pua na macho. Visipoenea, jiandae kwa gharama. Tazama matundu ya pua: yawe mviringo, yasiwe mstari. Mwache mtoto acheze dakika tano, uone kama anachoka kabla ya ndugu zake. Usilipie cheti kabla hujamwona mbwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala, awe na nasaba au awe wa mtaani. Na ukitaka mtu amtazame mbwa kabla hujatoa pesa, mji huu una kitivo cha udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Waliosoma pale wamejaa mjini.

Muuzaji anasema rangi ya "bluu" au ya madoadoa ya kijivu ni adimu, ndiyo maana bei ni mara mbili. Ni kweli?

Adimu si bora. Bluu ni nyeusi iliyofifia, na baadhi ya mbwa wa rangi hiyo hunyonyoka manyoya wakikua. Madoadoa ya kijivu yanaletwa na jeni iitwayo merle. Mzazi mmoja akiwa nayo, sawa. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, baadhi ya watoto wanaweza kuzaliwa viziwi, vipofu, au vyote viwili. Mwulize muuzaji wazazi walikuwa na rangi gani. Kama hajui, au wote walikuwa na madoadoa, mwachie mbwa wake.